Choo Kilichobembea

Kila mtu ana mahali pake pa kuwazia. Kuna anayewazia kitandani, kuna anayewazia njiani, na kuna anayewazia sokoni, ameshika nyanya mkononi mpaka muuzaji anamfokea. Fundi wa mapazia aliwazia chooni, na msimcheke, maana hata nyie mnapajua.

Choo chenyewe kilikuwa cha kukaa, cheupe, cha siku nyingi, kimebanwa kwenye pembe ya chumba kidogo chenye vigae vya buluu, na kilikuwa kinayumba. Ukikaa ukaegemea kushoto, nacho kinakufuata kushoto, taratibu, hakina haraka. Ukirudi kulia nacho kinarudi, kikitoa mlio mdogo pale chini kama mtu anayetafuna barafu. Mwingine angesema choo kibovu. Fundi alisema kinabembea. Juu kulikuwa na kidirisha chenye nondo, na hapo alikuwa ametundika kipande cha pazia jepesi la kijani kilichobaki kwenye kazi ya mteja, basi jua la asubuhi likipita, chumba kizima kinageuka kijani kana kwamba kimezama majini. Fundi alikaa pale, akabembea, akafumba macho nusu, akaziona nyumba zake. Aliona nyumba isiyo na ukuta hata mmoja, mapazia matupu kutoka darini hadi sakafuni, na wenyeji wakipita chumba hadi chumba kwa kufunua mwanga. Siku nyingine aliuona upepo umekuja kupimwa. Umesimama wima mbele yake, mikono umeinua, naye anautafuta mabega kwa utepe wa kupimia na hayapati.

"Umelala humo?" mkewe aligonga mlango.

"Nawaza."

"Wazia nje. Wenzako tuna kazi."

Mkewe alikuwa mwokaji kwenye kiwanda kidogo cha mikate, mtu wa kuamka kabla ya jogoo, na hakuwa na subira na vitu vinavyoyumba, mume wake akiwa wa kwanza. Alimwambia akaze choo. Fundi akasema kesho. Kesho ya fundi ilikuwa haina mwisho, kila ukiifikia anayo nyingine. Kelele zilipozidi alikunja kitambaa, akakipachika chini ya choo, na kile kikatulia kwa muda. Kilipoanza tena alipachika kingine. Mshonaji dawa yake ya kila ugonjwa ni kitambaa.

Kisha mama mkwe akahamia kwao. Magoti yalikuwa yameanza kumgomea, na ngazi za nyumba aliyokuwa akiishi zikamshinda. Na mambo ya mkwe mnayajua: heshima inakaa katikati kama meza, huyu upande huu, yule upande ule. Mwanzoni fundi alitembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yake mwenyewe. Lakini mke akishaondoka walibaki wawili tu, yeye kwenye cherehani pale sebuleni, mama kwenye kiti karibu na dirisha, na binadamu wawili hawawezi kununiana hivihivi bila ugomvi. Ikawa kila asubuhi fundi anachemsha chai, anamimina vikombe viwili, na mama anaanza kusimulia.

Ujanani mama huyo alifanya kazi ya kuunganisha simu. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu, visikilizio masikioni, akichomeka waya huku na kule, sauti ya huyu akaipeleka kwa yule. Watu wenyewe hakuwaona hata mmoja. Aliwajua kwa kukohoa kwao na kwa namna walivyovuta pumzi.

"Kulikuwa na bwana mmoja," anasema, "anampigia mkewe kila Ijumaa, na hawaongei. Wanapumua tu. Nikaingia nikamuuliza, bwana, umemaliza? Akaniambia, bado dada, ndio kwanza tumeanza."

Fundi anacheka mpaka mguu unaachia kanyagio. Yeye alifiwa na mama yake akiwa mdogo. Hakuwahi kukaa na mama akapiga naye soga, mtu mzima kwa mtu mzima, na sasa amempata mama ukubwani, kwa njia ya ndoa. Alimpenda. Alimpenda kwelikweli, ila hakuwahi kumwambia, kwani mkwe unamwambiaje maneno hayo?

Basi asubuhi moja mama akasema, "Leo chai sitaki, baba."

Kesho yake hakutaka tena. Keshokutwa hata maji aliyasogeza pembeni. Fundi aliionja chai yake kwa wasiwasi, akabadilisha majani, akaongeza sukari, akapunguza sukari. "Kunywa wewe, baba," mama alisema, na kusema kwenyewe kulikuwa kwa shida, maana midomo ilikuwa imemkauka. Hadithi zikafupika. Mwisho alikaa tu akitazama nje, na cherehani ikabaki inaongea peke yake.

Jioni moja, mezani, mama akatangaza kwamba Jumamosi binti yake mkubwa atakuja kumchukua, akakae kwake moja kwa moja.

"Kwani hapa kuna nini?" mke wa fundi aliuliza.

"Hakuna kitu. Nimewakumbuka wajukuu."

"Wajukuu wenyewe wako shule ya bweni, mama."

"Basi nitawakumbukia hukohuko."

Mke alimfuata mumewe jikoni, akafunga mlango. "Umemfanya nini mama yangu?"

"Mimi?"

"Basi nani, cherehani?"

 Siku zilizofuata fundi alishona pazia la watu juu chini, pindo likawa kichwani. Alijichunguza kama mshtakiwa. Labda alicheka vibaya. Labda alimkatiza hadithi siku fulani kwa kelele za mashine. Wazo la kile kiti cha dirishani kubaki kitupu lilimkaa kifuani.

Alhamisi akaenda chooni kuwaza. Akakaa, akaegemea kushoto, choo kikamfuata. Akafumba macho akingoja nyumba zake, hazikuja. Alipofumbua aliona kitu kwenye nondo za kidirisha. Ulikuwa mtandio wa mama, ule wa kahawia ambao mke wake alikuwa akiutafuta kwenye nguo chafu. Umefungwa kwenye nondo kwa fundo la nguvu, na ncha yake imening'inia mpaka usawa wa mkono wa mtu aliyekaa.

Fundi aliishika ile ncha. Nguo humwambia jinsi ilivyotumika, hiyo ndiyo kazi yake, na hii haikuwa imeshikwa mara moja. Ilikuwa imevutwa na kukamuliwa na kusokotwa mpaka ikawa kamba. Aliyeishika alikuwa anaogopa.

Alibaki amekaa, choo kikabembea kidogo chini yake, na kwa mara ya kwanza akakisikia kama mama alivyokisikia. Magoti hayana nguvu, sakafu inateleza, ukuta hauna pa kushika, na kitu ulichokalia kinaondoka. Angemwambia nani? Binti yake anarudi jioni, amechoka. Mkwe wake? Neno choo halipiti kati ya mama na mume wa mwanawe. Basi mama alijitafutia njia yake: asiyekunywa haendi. Kweli kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bembea yake yeye ilikuwa imemkausha mama wa watu. Fundi alishikwa na aibu mpaka masikio yakawaka moto, akasimama hata shughuli iliyomleta hajaimaliza.

Mtandio hakuufungua. Akiufungua, mama atajua kwamba amejua.

Alikwenda moja kwa moja kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka alikuwa bwana mnene aliyekaa katikati ya mabomba, mpenda kuhoji.

"Kimeanza lini kuyumba?"

"Kitambo kidogo."

"Unaona sasa! Usipoziba ufa..."

"Nipe bolti, ndugu yangu, ukuta nitajenga siku nyingine."

Alipewa bolti mpya, washa za mpira, fisha nene za plastiki za kushikia bolti sakafuni, simenti nyeupe kwenye mfuko, na onyo la bure. "Usikaze kwa hasira. Choo ni udongo uliochomwa. Ukikaza kwa hasira utakipasua, uje ununue kizima, na mimi nitafurahi sana."

Ijumaa, mke alipokwisha kwenda kazini, fundi aliingia na vyombo vyake. Alifunga maji, akaliachia tangi likamwagika, akakomba yaliyobaki kwa kikombe kibovu na kitambaa huku amebana pumzi. Simenti ya zamani kuzunguka kitako cha choo ilitoka kwa kuguswa tu na patasi. Bolti moja ilizunguka bila kushika kitu. Nyingine ilikatika, kichwa kikabaki ndani ya spana. Kisha akaingiza vidole chini ya choo, akavuta, kikaja kitambaa. Akavuta tena, kikaja kingine. Vilikuwa vyake: cha maua cha pazia la mwalimu mmoja, cha mistari cha zahanati, cha dhahabu cha ukumbi wa harusi, vyote vimeoza na kuwa rangi moja. Alivitazama, akavitia kwenye mfuko wa taka. Kitambaa hakibebi mtu. Kama mshonaji hilo lilimuuma kidogo.

Alisafisha matundu, akayatia simenti, akapigilia fisha, akaziacha zishike. Sakafu nayo aliikuta imebonyea upande mmoja, basi akakata mfuniko wa ndoo, akachonga vipande vyembamba vya plastiki ngumu, akavisukuma chini mpaka choo kikakaa sawa. Akatia bolti ya kulia, akaikaza hadi mwisho. Upande wa kushoto ukainuka, na choo kikalia, ti!

 Alipitisha kidole pote, akalamba kidole, akapitisha tena. Hakuna ufa. Hapo akajitukana kimoyomoyo. Mtu ambaye amewafundisha ushonaji vijana wengi, akiwaambia kwamba pazia hushikizwa kwa pini pande zote kwanza, ukishona upande mmoja mpaka mwisho ule mwingine utakukimbia, ndiye aliyefanya kosa la wiki ya kwanza! Akalegeza, akaanza upya. Kidogo kulia, kidogo kushoto, tena kulia. Alikuwa amelala kifudifudi, shavu karibu na vigae, ndani ya ule mwanga wa kijani. Huko chini kulikuwa na dunia nyingine. Mistari katikati ya vigae ilikuwa mitaa ya mji wa buluu, matone ya maji yalikuwa taa zake, na choo kilikuwa mlima mweupe ambao wenyeji wanautazama asubuhi kujua kama mvua itanyesha. Sisimizi mmoja alipita mtaani, akasimama, akafikiri, akageuka alikotoka. Mikono ya fundi iliendelea yenyewe kama inavyofanya kwenye pindo refu, na spana ilipogoma kwa upole, akaacha.

Alizungusha simenti nyeupe pale chini, akailainisha kwa kidole gumba chenye maji. Kazi safi. Sasa kisiguswe mpaka kesho.

Ndipo akakumbuka kwamba nyumba ina choo kimoja.

Alitoka akijifuta mikono. Mama alikuwa kwenye kiti chake, amebana magoti, amekaa wima kuliko kawaida.

"Baba, nasikia unagongagonga."

"Ndiyo, mama. Nilikuwa narekebisha pale... mahali."

"Mahali."

"Ndiyo. Patakuwa pamekauka kesho."

"Kesho." Mama alitazama dirishani. "Mimi nimemeza dawa asubuhi, na dawa haimezwi kavu."

Walitazamana. Fundi alitamani sakafu impokee, lakini sakafu ndiyo hiyo aliyotoka kuijaza simenti. Ng'ambo ya ua aliishi Mama Pacha, jirani mwenye roho nzuri na mdomo mwepesi. Fundi akapiga moyo konde, akainama, akatoa mkono. Mama akashika kwanza ukingo wa shati, kisha, baada ya kufikiri, akashika mkono wenyewe. Tangu aolewe mwanawe, hawa wawili walikuwa wameshikana viganja tu, vya salamu.

Walivuka ua polepole. Mama Pacha alikuwa amefua mashuka, kamba kwa kamba, meupe, na upepo ulikuwa unayajaza na kuyaachia. Wakaingia katikati yake. Hakukuwa na ukuta popote, mwanga tu unaofunuka na kujifunga nyuma yao, na fundi kwa sekunde chache hakujua kama yuko macho. Mama akasimama.

"Nilianguka," akasema.

"Lini, mama?"

"Siku moja kabla sijaacha chai. Kiliinama, nikaenda nacho. Nikajikuta sakafuni kama mtoto."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwepo. Nilisikia cherehani. Nikakuita, mara moja, kwa sauti ndogo. Kisha nikajiziba mdomo. Nikajiuliza, akija anikute hivi? Mkwe wangu aje aniokote chooni? Nikajivuta kwa mlango, nikasimama mwenyewe. Nikasema nitahama kabla halijatokea tena."

Fundi alikumbuka. Siku ile alikuwa mbali, ndani ya nyumba zake, na kitu kilikuwa kimeingia humo, sauti ya mtu kama inatoka nyumba ya pili. Akadhani ni ya humohumo kwenye mawazo. Akaendelea kukanyaga. Machozi yalimjaa, na hakuyaficha, kwa sababu mkono wake mmoja ulikuwa umeshikwa na mwingine ulikuwa na simenti.

"Nilisikia, mama. Wallahi nilisikia, nikadhani nawaza."

"Najua," mama alisema. "Cherehani ilisita kidogo."

Mashuka yalipanda, yakashuka.

"Siku nyingine niite kwa kelele," fundi alisema. "Niite kama nyumba inaungua. Nitakuja nimefumba macho, sitaona kitu, nitakuinua. Mama yangu aliondoka mimi sijapata nguvu za kumwinua mtu. Niachie nikuinue wewe."

Mama aliukaza mkono wake kidogo. "Twende, baba. Dawa haisubiri."

Jumamosi asubuhi fundi alikwenda kukijaribu choo. Akakaa, akaegemea kushoto. Hakuna kilichomfuata. Akaegemea kulia, kimya. Alingoja kidogo, hakuna nyumba iliyokuja wala upepo uliotaka kupimwa, basi akasimama akanawa mikono kama watu wengine. Alipoinua macho aliona nondo za kidirisha ni tupu. Alipotoka aliukuta mtandio kichwani kwa mama, umepigwa pasi, naye amevaa gauni la safari na mkoba wake uko mlangoni.  Fundi alikwenda kwenye cherehani akatunga uzi, ukakataa kuingia kwenye sindano.

Shemeji, dada mkubwa wa mkewe, alifika na gari la kukodi na sauti ya kutosha watu watatu. Alikuwa msimamizi wa hoteli, mtu wa kupanga na kupangua. "Mama, kwangu kumekamilika! Nimeweka vyuma ukutani kule bafuni, vya kushikilia, vinang'aa. Hutagusa sakafu. Nimekutengenezea na kengele!" Kisha akamgeukia fundi. "Usijisikie vibaya, shemeji. Kila mtu na uwezo wake."

Fundi akasema ahsante. Alikuwa hana la kushindana na kengele.

"Ngoja kwanza niende mahali," mama alisema, "safari ni ndefu." Akajikongoja kwenye ujia, mlango ukafungwa.

Wakangoja. Dereva akapiga honi. Mke wa fundi akamtazama mumewe, fundi akatazama mlango. Maji yalisikika yakishuka, kisha kimya, na kimya kikawa kirefu. Shemeji akaenda akagonga.

"Mama? Kuna nini?"

"Nimemaliza, nimeshavaa, nimekaa juu ya mfuniko. Magoti yamegoma."

"Nakuja, mama, usijitingishe."

"Wewe tulia. Mwite mkwe wangu."

Shemeji aligeuka, mdomo wazi. Mke wa fundi alishika kiti. Fundi hakumbuki alivyovuka sebule. Alifungua mlango, akafumba macho kama alivyoahidi, na mama akamwambia kutoka kwenye ule mwanga wa kijani, "Fumbua, baba, utatuangusha sote wawili." Akafumbua. Mama alikuwa amekaa ametulia, mikono mapajani, na choo hakikusogea hata alipoegemea mbele kumpa mkono. Fundi akainama, akamshika chini ya kwapa, akamwinua. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani.

Wakatoka kwenye ujia hatua kwa hatua. Dereva akapiga honi tena. Shemeji alikuwa amesimama palepale, mkoba mkononi.

"Sasa mama, tunaondoka?"

"Mwanangu," mama alisema, bado ameegemea bega la fundi, "vyuma vyako ni vizuri, na Mungu akuzidishie. Lakini chuma hakisikii mtu akiita."

Shemeji alimtazama mama yake, akamtazama fundi aliyekuwa analia bila sauti, akaurudisha mkoba chumbani yeye mwenyewe.